Marashi Si Maji

Baridi ni kazi yangu. Nalitanguliza hilo mapema, asije mtu akauliza huyu fundi mafriji wa Mlandege kaijulia wapi mbingu. Skuli niliiacha mie kabla haijaniacha yenyewe, lakini friji la kunishinda hapa mjini bado halijashuka bandarini. Ni moja tu lililokataa kuamka, la bwana mmoja wa Kiponda, na hilo lilikuwa limeshakufa. Niliitwa kulizika.

Lakini leo simwandiki Ubwa, yaani mie mwenyewe. Ubwa anajulikana. Namwandika mpwa wangu Mwatima, mwana wa dada yangu, mtoto wa Makunduchi aliyekwenda kupima unyevu wa mbingu ya juu, juu kuliko mawingu, juu kuliko njia ya ndege, akarudi na jawabu mkononi. Mkidhani namsifu kwa kuwa ni damu yangu, mmepatia. Haya, tuendelee.

Alipokuwa mdogo, likizo za skuli alikuwa akiletwa kwangu mjini. Wenzake wakililia urojo na kwenda kuogelea, yeye kazi yake ilikuwa kufungua milango ya mafriji karakanani kwangu. Siku moja nimeinua uso, namwona kichwa chote kimo ndani ya friza.

"Mjomba, hii barafu ya ukutani nani kaitia?"

"Hakuna aliyeitia. Imekuja yenyewe."

"Imetoka wapi?"

"Kwenye hewa. Ukifungua mlango kwa kichwa chako hicho, hewa ya nje inaingia na unyevu wake. Unyevu ukifika pale penye baridi kushinda pote, unakamatwa. Unaganda hapo hapo."

"Wote?"

"Karibu wote. Unabaki kiduchu."

"Kiduchu kiasi gani?"

Nikamtuma kahawa. Fundi akiulizwa swali la namna hiyo na mtoto, dawa yake ni kumtuma kahawa. Akaenda, akarudi, akaiweka chini, akasimama mbele yangu. "Kiduchu kiasi gani, mjomba?"

Huyo ndiye Mwatima. Swali likimwingia halitoki mpaka lilipiwe. Alisoma kwa ubishi huo huo, akapata kazi ya kupima hali ya hewa, mvua imenyesha kiasi gani, upepo umevuma kutoka wapi. Akaolewa mjini, Mkunazini, na Mudrik, kijana mpole asiye na neno. Maneno yote ya nyumba ile anayo mama yake, Bi Salhiya.

Huyu Bi Salhiya ni mpishi wa marashi. Si muuzaji, muuzaji anaweza kuwa yeyote. Ana sufuria lake la shaba, kifuniko chake kama kofia, maua yake ya langilangi na mawaridi, na ana mrashi wa fedha wa kunyunyizia, wenye shingo ndefu, aliorithi kwa bibi yake. Harusi isiyonyunyiziwa mrashi ule ni nikaha tu, watu wamekula wakaondoka. Na mtu hayakatai marashi yake. Ndugu yake wa tumbo moja aliwahi kugeuza uso kidogo, ana mafua maskini, na Idi ikaja ikapita, ikaja nyengine, bado hawasemezani. Kwa Bi Salhiya kukataa marashi ni kumkataa aliyeyapika.

Likumbukeni hilo. Litatugharimu.

Sasa akaja Daktari Riyama. Si daktari wa sindano, ni daktari wa hewa, mzaliwa wa Malindi ya hapa hapa mjini, aliyesoma mpaka vitabu vikamwomba apumzike. Alirudi na makasha ya vyombo na wadhamini wa nje, anataka kujua mvuke wa maji ulioko juu kabisa unatawaliwa na nini. Akatafuta mtu wa hapa hapa wa kutayarisha na kurusha mapurutangi, yaani maputo makubwa ya kubeba vyombo, akampata Mwatima. Kazi ikifaulu, Unguja itakuwa na kituo cha kurusha kila mwezi, na mkuu wake atakuwa yeye. Isipofaulu, vyombo vitafungwa na kupelekwa nchi nyengine.

Nilikwenda kuitangaza habari hiyo barazani, pale Mbarouk anapouza kahawa. Mbarouk tunajuana tangu hatujaota ndevu, na kazi yake ya pili baada ya kahawa ni kunibisha.

"Juu ya kisiwa chetu hiki," nikasema, "ukipanda kama mwendo wa kutoka hapa mpaka kupita Tunguu, lakini wima, unakuta baridi ambayo Ulaya hawana."

"Ubwa, mie hapa jasho linanitonea vikombeni, na weye waniambia kuna barafu juu ya kichwa changu?"

"Barafu ya friji lako ni uji wa moto mbele ya hiyo. Sikiliza, mtu mzima. Hapa kwetu jua ni kali, hewa ya moto inapanda juu zaidi kuliko kwao. Na hewa kila ikipanda inapoa. Kwao inapanda kidogo, inapoa kidogo. Kwetu inapanda mno, inapoa mno. Joto la chini ndilo linalozaa baridi ya juu."

"Na hiyo baridi yatusaidia nini, itashuka?"

"Ni kifuniko! Hewa ya dunia nzima inayokwenda mbingu ya juu inapitia ukanda wetu huu wa joto, haina mlango mwengine wa maana. Ikifika pale, unyevu wake unakamatwa, unaganda, unadondoka vipande vya barafu. Kinachopenya ni kile kiduchu kilichobaki. Kifuniko kikizidi baridi, huko juu kukavu. Kikipata joto kidogo tu, maji yanapita mengi. Na maji yakiwa mengi kule, yanashika joto, na sisi huku chini tunaiva."

"Na hicho kifuniko hakina tundu?"

Hapo akanipendeza. "Kina ujanja wake. Kuna gesi ya ng'ombe, ya mabonde ya mpunga na ya majaa ya taka. Ile inapita kifuniko ikiwa kavu, haina habari, halafu juu jua linaivunja na inazaa maji. Na mwaka ule wa elfu mbili na ishirini na mbili, volkano ya chini ya bahari kule Tonga ilipasuka, ikarusha mvuke moja kwa moja mpaka juu ya kifuniko, bila ya kubisha hodi. Ndiyo maana wanataka kupima. Kipi ni cha kifuniko, kipi cha ng'ombe, kipi cha volkano."

Mbarouk akasuuza kikombe taratibu. "Haya. Mpwa wako akiipata hiyo baridi na huo ukavu, mie ntakwita Maalim mbele ya baraza zima mpaka Ramadhani. Asipoipata, weye utaniita mie Profesa."

Tukapeana mikono. Wazee wakashuhudia.

Siku ya kurusha la kwanza tulikwenda Makunduchi, kwenye uwanja ulio wazi nje ya mji. Purutangi lenyewe jeupe, kubwa kama chumba, linatetema kama ndama anayetaka kukimbia. Chini yake kamba ndefu, mwavuli wa kitambaa wa kushukia, na mwisho wa kamba boksi la foma jeupe lenye bomba mdomoni. Ndani ya boksi mna kioo kidogo kama ukucha. Kioo kinapozwa, kinapozwa, mpaka kinashika umande wa barafu. Pale kinapoanza kushika ndipo unapojua hewa ina maji kiasi gani. Chupa ya soda ikitoka kwangu karakanani inatoa jasho, siyo? Basi ni ujuzi huo huo, ila wao wameuvalisha suti.

Bi Salhiya alikuja na gari la kukodi, amejifunga buibui jipya, mrashi mkononi. Shughuli ya mkaza mwanawe, angekosaje? Akatunyunyiza sote vichwani, kisha akalirudia purutangi, kamba, mwavuli, na boksi akalinyunyiza kama bi harusi, mpaka mdomoni mwa bomba. Vigelegele vikapigwa. Mwatima akaachia. Likapaa.

Namba zikawa zinaingia kwenye kompyuta, na mwanzo zilikwenda vizuri, baridi inazidi, unyevu unashuka. Lilipovuka kifuniko, unyevu ambao ulitakiwa ubaki mdogo ukaanza kupanda. Ukapanda, ukapanda. Daktari Riyama akakunja uso.

"Haiwezekani. Huko juu ni kukavu kuliko jangwa lolote. Haya maji hayakukutwa kule. Yamepanda na chombo."

Wakalisingizia wingu. Purutangi la pili likasubirishwa mpaka siku ambayo mbingu imefutwa kama ubao wa skuli. Bi Salhiya akaja. Mrashi ukaja. Namba zikaja vile vile, mbaya zaidi.

Daktari akatukusanya chini ya turubai. "Nauliza kwa Mungu. Kuna mtu aliyetia maji karibu na chombo? Hata tone?"

"Hakuna," tukasema sote.

"Mikono yenyewe tumefuta," akasema Mwatima.

"Maji?" akasema Bi Salhiya, mrashi uko mapajani. "Nani atamwaga maji kwenye shughuli? Mpo na watu wazima hapa." Na kwa kuwa nyuso zetu zilikuwa zimesinyaa, akasimama akatunyunyiza tena, atupoze moyo. Daktari Riyama naye akainamisha kichwa kwa adabu, kama mtoto wa Malindi aliyelelewa, akasema ahsante mama.

Kisha akamvuta Mwatima pembeni, na mie nikasogea, maana masikio yangu hayajui adabu. "Chombo kimebaki kimoja. Kikileta maji ya uongo tena, wadhamini wataihamisha kazi yote. Sitoweza kuwazuia, mdogo wangu. Na ripoti itasema matayarisho ya Unguja ni mabovu."

Matayarisho ya Unguja ni yeye. Nilimtazama mpwa wangu. Hakulia. Alisema, "Basi nipe nafasi nilitafute tone hilo."

Wiki ile hakula vizuri. Alifungua kila kasha, akapima kila kamba, akaukausha mtungi wa gesi uliokuwa mkavu tangu kiwandani. Mbarouk kila nikipita ananiuliza, "Profesa anauliza, mpwa wako nimpe pole au hongera?" Nikawa napita njia ya nyuma.

Jawabu lilikuja kwa mkulima wa muhogo wa Bwejuu. Boksi la pili lilikuwa limeshuka kwa mwavuli wake shambani kwake, na juu yake pameandikwa namba ya simu ya Mwatima. Akampigia, nasi tukaenda. Mkulima akalitoa ndani, amelifunga kwa kanga ya mkewe.

"Chukueni chombo chenu," akasema. "Lakini mie nina swali. Huko juu kuna harusi?"

"Kwa nini?"

"Linanukia. Mke wangu tangu jana ananiuliza nimetoka wapi."

Mwatima akalichukua boksi, akaliweka puani. Akavuta pumzi. Nikaona macho yake yanatoka, kisha yanafumba. Akanipa mie. Wallahi, langilangi na mawaridi! Lile boksi la foma lilikuwa limeyanywa marashi ya Bi Salhiya kama maandazi yanavyokunywa chai, na bomba lake ndilo lililonukia zaidi.

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya tuta la muhogo. Yeye hakucheka.

"Mjomba, tuliulizwa maji. Sote tukasema hakuna."

"Na hakukuwa na maji. Kulikuwa na marashi."

"Marashi ni maji yaliyovaa nguo nzuri. Yameganda njiani, yamefika juu kwenye ukavu, yakaanza kufuka kidogo kidogo ndani ya bomba, mbele ya kioo. Daktari kanyunyizwa na yeye, hakuona. Mie nimesimama pale na glavu mikononi, sikuona." Akalifunga boksi upya kwa kanga. "Sasa nani atamwambia mavyaa yangu?"

Hapo kicheko changu kikakauka.

Nilikuwa na mipango, mimi si mtu wa kukosa mipango. Tuufiche mrashi. Tuuzibe shingo kwa nta. Tumdanganye siku, tumwambie Jumatano na turushe Jumanne. Mwatima akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mjomba, yule hadanganywi. Na hata angedanganyika, sitaki. Amekuja mara mbili kwa ajili yangu, hata mama yangu mzazi alikuja mara moja. Ntamwambia mwenyewe. Weye njoo tu utengeneze friji lake."

"Friji lake lina nini?"

"Halina kitu. Lakini nikifukuzwa, nataka shahidi."

Basi nikawa nyuma ya friji la Bi Salhiya, bisibisi mkononi, nakaza skrubu ambazo zimekazika tangu zamani. Sufuria la shaba liko motoni, jiko zima linanukia. Mwatima akaingia, boksi kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekunjamana kama kanga iliyolala ndooni? Nipe hiyo barafu, kifuniko kinapata moto."

Mwatima akampa. Bi Salhiya akaipanga barafu juu ya kifuniko, na matone yakaanza kuteremka kwenye bomba kwenda chupani.

"Mama, barafu ikikosekana itakuwaje?"

"Mvuke utanitoroka. Ntabaki na maua yaliyochemka, niwape mbuzi."

"Na ikiwa nyingi?"

"Hapiti mtu. Kila tone linarudi kwangu."

"Basi na mbingu ina kifuniko hicho hicho, mama. Bahari ndiyo sufuria, jua ndiyo moto. Na kazi yangu mie ni kupima kile kinachopenya juu ya kifuniko."

Bi Salhiya si mjinga. Akageuka, mwiko mkononi. "Kwa hivyo weye unapika kama mie. Na kinapenya kingi?"

"Chombo kimeona kingi, mama. Lakini hakikupenya. Kilipanda na chombo." Akaliweka boksi juu ya meza. "Nusa."

Nikaacha kukaza skrubu.

Bi Salhiya akanusa. Akanusa tena, pole pole, amefumba macho. "Haya ni marashi yangu. Haya ya mfungo mosi, nilizidisha langilangi." Akafumbua. "Boksi hili limetoka wapi?"

"Juu, mama. Kwenye kifuniko, na zaidi ya kifuniko."

Sufuria linatokota. Kisha sauti ikatoka nyembamba, na mie najua sauti nyembamba ya Bi Salhiya ndiyo iliyomkosesha ndugu yake Idi mbili. "Mie niliulizwa maji. Marashi si maji."

"Kwa mtu si maji, mama. Kwa kioo kile ni maji tu, hakijafundishwa adabu."

"Sasa unaniambia nisije."

"Nakwambia uje. Usipokuja sirushi, hata wadhamini waje na jeshi. Lakini nakuomba, mama, nakuomba kwa heshima yako, mrashi usubiri mpaka purutangi limeshaondoka."

Nilihesabu matone yakianguka chupani, nikasahau nimefika wapi. Bi Salhiya aliliangalia boksi. Akaligeuza. Akanusa mdomo wa bomba.

"Yalifika wapi hasa haya?"

"Kilomita ishirini na kitu, mama. Zaidi."

"Na hizi ndege zinazoleta watalii, zinapita wapi?"

"Chini ya hapo. Kama nusu ya hapo."

"Na mashine ya kizungu ikayatambua?"

"Iliyatambua mpaka ikaharibu hesabu ya watu wote."

Bega la Bi Salhiya likatikisika. Nikajua analia. Hapana! Alikuwa anacheka, na kicheko kikapanda mpaka akashika meza. "Ubwa! Toka nyuma ya hilo friji, mtu wa shamba weye, hakuna skrubu inayokazwa saa nzima! Umesikia? Marashi ya Salhiya yamepita kifuniko cha mbingu! Nani mwengine mji huu? Nani?"

"Hakuna, Bi Salhiya," nikasema, nikatoka nyuma ya friji na bisibisi yangu.

Ilipofika alasiri Mkunazini nzima wanajua. Kesho yake Malindi. Nasikia alimpigia simu hata yule ndugu yake, kwa kujisifu tu, na ndivyo walivyopatana.

Siku ya chombo cha mwisho, tulipofika Makunduchi tulimkuta Bi Salhiya ameshafika kabla yetu, amesimama kwenye lango la uwanja kama askari. Mrashi umefungwa mdomo kwa kitambaa na kamba.

"Mikono!" ananiambia.

"Shikamoo kwanza, Bi Salhiya."

"Marahaba, mikono! Ubwa, jasho hilo la nani? Kaa mbali. Na hilo dafu lako lipeleke kule nyuma ya gari, na weye lifuate."

Hakumwacha mtu. Mudrik, mwanawe wa kumzaa, alirudishwa kwa sababu alikuwa ametawadha na ndevu bado mbichi. Daktari Riyama mwenyewe alikaguliwa vidole. "Samahani mwanangu, elimu yako naiheshimu, lakini kavu ni kavu."

Wakalijaza purutangi. Mwatima amevaa glavu, anapitisha kamba mkononi, anaifuta kwa kitambaa kipya, anapitisha, anafuta. Kila kitu tayari. Na pale pale, upande wa bahari, likatokea wingu jembamba, na manyunyu yakaanza kuja yakikata uwanja, laini kama vumbi.

"Achia sasa kabla hayajafika!" mmoja wa wasaidizi akapiga kelele.

Daktari akamtazama Mwatima. "Upepo unazidi. Tukichelewa purutangi linaweza kupasuka mikononi mwetu, na gesi ya kujaza jengine hatuna. Uamuzi wako."

Mpwa wangu akaangalia juu. Lile wingu lilikuwa limekaa hasa kwenye njia ya purutangi. Akiachia, kamba inapita kwenye maji. Asipoachia, upepo huo. Nami nipo nyuma ya gari, nimelikumbatia dafu langu.

"Lifunikeni boksi. Tunasubiri," akasema.

Wanaume watatu wakaling'ang'ania purutangi, linawayumbisha kama vikaragosi. Turubai likavutwa juu, na boksi likaingizwa ndani ya begi kavu, Bi Salhiya ameliinamia, ametanda buibui kama kuku mwenye vifaranga. Manyunyu yakapita. Upepo ukalipiga purutangi ubavuni likalia kama ngoma. Mtu akasema "Limekwisha hilo!" Mwatima anaangalia juu tu, mdomo unacheza, nadhani anasoma dua, au anaitukana mvua, kwa damu yetu yote mawili yanawezekana.

Kikafunguka kipande cha buluu. Kikapanuka.

"Boksi!" akasema. Likatolewa kavu, likafungwa. "Bismillahi." Akaachia.

Lilipanda kama limeitwa. Tukakimbilia kompyuta, hata mie, hakuna aliyekumbuka jasho langu. Namba ya joto ikashuka mpaka sitini chini ya sifuri. Sabini. Themanini. Ikagusa themanini na nne, ikasimama, ikaanza kurudi juu. Hicho ndicho kifuniko, ndugu zangu, kiko juu ya vichwa vyenu sasa hivi mnaposoma.

Sasa unyevu. Hapa ndipo mara mbili ulipoanza kupanda. Daktari Riyama ameshika mkono wa Mwatima. Namba ikatokea. Ikatokea nyengine. Haipandi. Nyengine. Haipandi. Imelala pale pale, kavu, imetulia, inaongezeka kwa uzi mwembamba tu huko juu zaidi, pale jua linapoivunja gesi ya ng'ombe na taka, kama Daktari alivyosema itakuwa. Hakuna aliyeondoka kompyutani mpaka purutangi lilipopasuka lenyewe, huko kusiko na ndege wala wingu.

Wa kwanza kupiga kigelegele ni Daktari Riyama. Daktari mzima! Kikapokelewa uwanja mzima, watu wa Makunduchi waliokuwa wanatazama kwa mbali wakaja mbio wakidhani kuna harusi, na ikawa harusi. Bi Salhiya akakata kamba ya mrashi kwa meno. "Sasa! Sasa na mie zamu yangu!" Akatumwagia bila hesabu, vichwani, mabegani, kompyuta ikafunikwa kwa haraka, na Mwatima alinyunyizwa mpaka mtandio ukarowa, amesimama anacheka na machozi yanamchuruzika, huwezi kujua lipi marashi lipi chozi. Kwa kioo kile yote yangekuwa maji.

Kisha Mwatima akanivuta nyuma ya gari.

"Mjomba. Unakumbuka lile swali langu la friza?"

"Swali gani, mie nina wateja wengi."

"Kiduchu kiasi gani."

"Ah. Hilo."

"Chembe nne katika milioni." Akazisema taratibu, kama mtu anayelipa deni la utotoni. "Chembe milioni za hewa, ndani yake nne tu za maji. Maji mengine yote yamebaki kwenye kifuniko."

"Nilikuwa najua," nikasema. "Nilitaka utafute mwenyewe."

Akanirushia kitambaa cha kufutia kamba usoni.

Kituo kimebaki Unguja. Kila mwezi purutangi linapaa Makunduchi, na aliyeandikwa mkuu wa kurusha ni Mwatima. Langoni yupo yule yule, hana barua ya kazi wala mshahara, na hakuna mdhamini, mzungu wala Mwarabu, anayepita bila ya kuonesha viganja. Marashi yake yamepanda bei, nayo chupani yameandikwa kwa mkono: Yamefika Juu.

Na jioni ile ya chombo cha mwisho nilikwenda barazani, nimeoga, nimevaa kanzu, nanukia kutoka mtaa wa pili. Watu wameshajua, lakini nilitaka kusikia. Nikakaa. Nikakunja mguu. Mbarouk akamimina kahawa, akaniletea, akainama kidogo kwa uchungu.

"Kahawa yako, Maalim."

"Samahani, Mbarouk," nikasema, nimetega sikio. "Hawa wa pembeni kule hawakusikia."